Pima ngapi Simba Uranga? Kisa cha chati za delta ya Rufiji, 1914–1915

Anayekwenda Mafia kwa njia ya Nyamisati hujifunza mapema kwamba pale boti haifuati saa ya ukutani. Inafuata maji. Yakiwa yamepwa, abiria hukaa na mizigo yao wakitazama tope, na hakuna wa kumlalamikia. Nahodha akiulizwa tutaondoka saa ngapi, hutazama kwanza hori, yaani mkono wa maji uingiao nchi kavu, ndipo ajibu.

Pwani hiyohiyo, zaidi ya miaka 100 iliyopita, manowari ya Kijerumani Königsberg, yenye urefu wa mita 115, iliingia ndani ya delta ya Rufiji ikapotea. Meli za Uingereza zikaitafuta kwa majuma, zikiwa zimebeba chati za idara ya upimaji wa bahari iliyosifika kuliko nyingine zote za wakati ule. Chati zile hazikuwaambia kitu. Nataka nikichambue kisa hiki upande huo tu, wa chati, maana vita vyenyewe vimeshasimuliwa sana, na karibu kila mara husimuliwa kama habari ya mizinga. Mimi naona kilikuwa kisa cha kina cha maji: nani alijua pima ngapi, mahali gani, saa ngapi.

Tuanze na mahali penyewe. Rufiji haimwagi maji yake baharini kwa mlango mmoja. Ukifika karibu na pwani unagawanyika, matawi yanagawanyika tena, mengine yanarudi kuungana, na katikati yake kuna visiwa vya tope vilivyofunikwa na mikoko, msitu mkubwa kuliko mingine ya aina yake upande huu wa Afrika. Milango yake ina majina ambayo wenyeji wanayajua kwa ulimi: Simba Uranga, Kikunja, Suninga, Kiomboni, Msala. Lakini ukiwa baharini, juu ya sitaha ya meli, hakuna Simba Uranga wala Kikunja. Kuna ukuta wa kijani usio na kilima, usio na mnara, usio na mti mmoja uliojitenga ukauwekea alama. Mbele yake kuna mafungu ya mchanga yanayohama, na mbele zaidi Mafia na visiwa vyake.

Hapo ndipo ugumu wa kuipima pwani ya namna hii unapoanzia. Mpimaji wa karne ya 19 alifanya kazi kwa vitu vichache. Alikuwa na mashua, na ndani ya mashua mtu mwenye bildi, yaani risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba yenye alama za pima (pima moja ni kama mita 1.8). Chini ya risasi palikuwa na kitundu kilichojazwa mafuta mazito ya mnyama, ili ikigusa chini irudi na mchanga, chaza au tope, na mpimaji aandike siyo kina tu bali na aina ya sakafu. Kila bildi ilipotupwa, afisa alipima kwa sekstanti pembe kati ya alama tatu za nchi kavu, ajue mashua iko wapi. Na ufukweni kulisimikwa mti wenye vipimo, mtu akiusoma mchana na usiku, kwa sababu kina cha saa nne asubuhi si kina cha saa kumi alasiri, na vyote ni lazima virudishwe kwenye kiwango kimoja kabla ya kuandikwa. Kiwango chenyewe kwa kawaida ni maji yaliyopwa kabisa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana. Kwa hiyo tarakimu unayoiona kwenye chati ni kina cha siku mbaya. Jambo hili dogo tutalirudia, maana kisa kizima kimekaa juu yake.

Sasa ipeleke kazi hiyo Rufiji. Alama tatu za nchi kavu utazipata wapi kwenye mikoko inayofanana? Bildi inazama kwenye tope laini na hujui chini kwenyewe kumeanzia wapi. Mti wa kusomea maji utausimika kwenye udongo unaobebwa na mkondo. Halafu kuna homa. Kapteni William Fitzwilliam Owen, aliyeipima pwani ya Afrika kwa meli za Leven na Barracouta kati ya 1822 na 1826, alipoteza watu wengi mno kwa homa, na wengi waliugua baada ya kazi za mashua kwenye milango ya mito. (Owen ndiye yuleyule aliyepandisha bendera ya Uingereza Mombasa mwaka 1824 kwa ombi la Mazrui, watawala wa mji huo, mambo ambayo serikali yake haikuyakubali.) Kapteni aliyewahi kuzika mabaharia wake kwa ajili ya mto mmoja, mto wa pili ataupima kwa mbali. Simlaumu.

Miaka ya 1870 Waingereza walirudi na meli bora. William Wharton, ambaye baadaye alipanda hadi kuwa mkuu wa idara nzima ya upimaji wa bahari, aliifanyia kazi pwani ya Zanzibar akiwa na meli ya Shearwater. Lakini wakati huo Uingereza ilitaka nini katika pwani hii? Ilitaka njia salama ya kuingia bandari ya Zanzibar, ilitaka kujua miamba na mafungu ya mlango kati ya Mafia na bara, na ilitaka kuwakamata wenye majahazi ya watumwa walipotokeza baharini. Mambo yote matatu yanafanyika nje ya mikoko. Rufiji ya ndani iliangaliwa kama mto wa kuchunguzwa na wasafiri. Mwaka 1880 Sultani Barghash alimtuma Mwingereza, William Beardall, aufuate mto kwenda juu aone kama unafaa kwa biashara. Hiyo ni kazi ya mtumbwi na daftari, si ya kumpa kapteni wa manowari vipimo vya kuingilia.

Matokeo yake ni chati iliyochorwa na watu walioipa bara mgongo. Nje ina tarakimu nyingi, karibu na mlango zinapungua, ndani ni mistari miwili ya ukingo na karatasi nyeupe katikati. Hakuna uongo humo. Mchoraji mwaminifu asipopima huacha wazi. Kosa lilikuwa la msomaji. Afisa aliyezoea chati za Ulaya, ambako patupu ni pachache, aliuona weupe ule akausoma kama maji haba. Ikakaa vichwani kwamba Rufiji ni mto wa vyombo vidogo, meli ya maana haiingii. Ukikaa miaka 30 au 40 bila mtu kuuliza swali, dhana hugeuka kuwa habari.

Wajerumani walikuwa na sababu nyingine za kuutazama mto ule. Kwao ilikuwa koloni, siyo pwani ya kupita. Mikoko ilikuwa mali: boriti, magome ya mkandaa kwa kuchakata ngozi, kuni. Serikali yao ilikuwa na kituo Salale, ndani ya delta. Mahali penye kituo panahitaji meli ndogo zifike, na meli zikifika lazima mtu apime. Zaidi ya hayo walikuwa na meli ya upimaji iliyokaa pwani hii, Möwe, na muda mfupi kabla ya vita ilikuwa imeipima Rufiji. Karatasi zake hazikuwa zimefika London, na hilo nalo si la ajabu. Chati mpya huchukua miaka kutoka kwenye mashua hadi dukani, na vita haikungoja.

Möwe yenyewe haikuishi kuona faida ya kazi yake. Agosti 1914, manowari ya Uingereza Astraea ilipofika Dar es Salaam kuupiga mnara wa simu ya upepo, Wajerumani waliizamisha Möwe wenyewe bandarini. Mabaharia wake walipelekwa Kigoma kwa reli, na kapteni wao, Gustav Zimmer, ndiye aliyekuja kuiongoza Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, meli ambayo leo tunaiita Liemba. Kwa hiyo anayepanda Liemba, kama bado anapata bahati hiyo, amekaa kwenye meli iliyowahi kuongozwa na mpimaji wa Rufiji.

Hao ni wawili wenye chati. Kulikuwa na wa tatu asiyekuwa na chati, naye ndiye aliyeujua mto kuliko wote. Kwa karne nyingi majahazi ya Oman, Ghuba na Lamu yalishuka na kaskazi, yakaingia kwenye mahori ya Rufiji, yakatia nanga au kukaa juu ya tope, yakapakia boriti kwa majuma, kisha yakaondoka na kusi. Nyumba za zamani za Muscat, Sur na Kuwait zina vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake na haiongezeki. Hata mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, aliingia Rufiji ndani ya jahazi la Kuwait lililokwenda kupakia miti. Nahodha wa namna hiyo hakuwa na tarakimu iliyochapwa. Alikuwa na rubani wa kijijini, na rubani alikuwa na pondo, mti mrefu wa kusukumia chombo na kupimia kina, mkononi na hesabu ya mwezi kichwani. Kwenye orodha za vyanzo vya chati za Uingereza sijawahi kuona pondo limetajwa.

Sasa kisa chenyewe. Königsberg, manowari yenye mizinga 10 ya milimita 105, ilifika Dar es Salaam Juni 1914 na ikaondoka tarehe 31 Julai, vita ikiwa inanukia. Agosti 6 iliikamata meli ya mizigo ya Uingereza City of Winchester karibu na pwani ya Oman. Baada ya hapo ikawa haina nyumbani. Wajerumani walikuwa wameuziba mlango wa bandari ya Dar es Salaam kwa kuzamisha gati lao la kuelea. Makaa yalikuwa yanakwisha. Kapteni Max Looff alihitaji mahali ambapo adui hatatafuta, penye kuni, maji na watu wa serikali yake. Mahali hapo palikuwa kwenye vipimo vya Möwe. Septemba 3, 1914, Königsberg ikaingia Rufiji.

Sikiliza hesabu. Meli ile ilizama majini zaidi ya mita 5. Tuseme, kwa mfano tu, fungu la mlangoni limeandikwa kwenye chati pima moja na nusu, kama mita 2.7. Msomaji wa haraka atasema haipiti. Lakini tarakimu hiyo, kama nilivyosema, ni ya maji yaliyopwa kabisa. Pwani ya Mafia na Rufiji, maji ya bamvua hupanda mita 3 na nusu au hata 4. Jumlisha: sasa unazo mita 6 na ziada, na meli inapita ikiwa na nafasi chini yake. Siku 7 baadaye, kwenye maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo tu, mlango huohuo utaikalisha.

Je, Looff aliingia siku ya bamvua? Hapa hatuhitaji shajara yake, tunahitaji mwezi. Agosti 21, 1914 jua lilipatwa, watu wa Skandinavia na Urusi wakaliona giza mchana. Jua halipatwi ila mwezi ukiwa unaandama. Hesabu siku 14 mbele: mwezi mpevu uliangukia Septemba 4. Meli iliingia siku moja kabla yake, bamvua likiwa linaingia. Kwa kalenda ya wavuvi ilikuwa katikati ya Mfunguo Mosi.

Endelea kuhesabu. Mwezi mpya uliofuata ulikuwa Septemba 19. Siku hiyohiyo Looff alipata habari kwamba manowari ya Uingereza imeonekana Zanzibar, akangoja maji yajae, akatoka mtoni jioni, na alfajiri ya Septemba 20 aliikuta Pegasus imetia nanga ikitengeneza mashine zake. Pegasus ilizama, ikiwa imepoteza zaidi ya watu 30. Kwenye pwani hii bamvua hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri. Kila mtoto aliyekulia ufukweni anajua. Meli iliyotaka kutoka Rufiji jioni ya mwezi mpya ikafika Zanzibar kabla ya jua kuchomoza ilikuwa imepangiwa ratiba na maji. Wanaosimulia vita husema Looff alibahatika. Alibahatika kuikuta Pegasus imelala, sawa. Kutoka na kurudi hakukuwa bahati.

Akiwa njiani kurudi mashine moja ikavunjika. Vipande vyake vilipelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu, vikivutwa na kubebwa na wapagazi, vikatengenezwa kwenye karakana, vikarudishwa kwa njia hiyohiyo. Majina ya wapagazi hao hayakuandikwa popote nilipowahi kuangalia, ingawa bila mabega yao meli ingebaki chuma kilichotuama.

Waingereza walileta meli tatu za kuitafuta: Chatham, Dartmouth na Weymouth. Zilitafuta kila mahali ambapo chati ilisema meli inaweza kukaa. Chati haikusema Rufiji. Kilichowaonyesha njia ni karatasi ya makaa: Oktoba 19, Chatham ilipoingia Lindi ilikuta meli ya Kijerumani Präsident, na kwenye nyaraka zake palikuwa na habari za shehena ya makaa iliyopelekwa Salale. Salale ni mahali pa ndani, pa wakata mikoko. Oktoba 30 Waingereza waliteremsha watu ufukweni, wakauliza wanakijiji, wakaambiwa: ndiyo, meli zipo. Na milingoti ikaonekana juu ya miti.

Nimesoma sehemu hii mara nyingi na kila mara inanichekesha kidogo. Majuma kadhaa ya kuisaka, meli tatu, simu za upepo hadi London, na jibu lilikuwa kwa mtu yeyote wa kijijini ambaye angeulizwa kwa adabu. Siri ya Königsberg haikuwa siri upande wa ndani wa mikoko.

Kuijua ilipo na kuifikia ni mambo mawili tofauti. Chatham ilikuwa meli ya zaidi ya tani 5,000. Kapteni wake, Sidney Drury-Lowe, hakuwa na vipimo vya mlango, na kingo zilikuwa na askari na mizinga midogo iliyofichwa, hivyo kupeleka mashua yenye bildi mchana kweupe kulikuwa kumpeleka mtu kuuawa. Alipiga mizinga kutoka nje. Looff akasogea ndani zaidi, akawa nje ya mfiko wa mizinga ile. Ndipo Novemba 10 Waingereza walipoichukua meli ya makaa Newbridge, wakaiingiza Suninga chini ya risasi, wakaizamisha kukatiza njia.

Kwa upande wa ushujaa, sina neno. Kwa upande wa chati, nina maneno. Kumfungia mtu ndani ya nyumba yenye milango mingi unahitaji kujua ni mipi inafunguka. Waingereza waliziba mmoja waliodhani ndio mkuu, bila kuipima mingine. Ushahidi kwamba wao wenyewe hawakujiamini ni huu: baada ya kuuziba waliendelea kulinda delta nzima kwa miezi 8, mchana na usiku, kwa meli ambazo zilihitajika kwingine.

Kisha wakajaribu kuipima kutoka juu. Novemba 1914 rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliletwa kutoka Durban na ndege yake ya kutua majini, akaruka kutoka kisiwa kidogo karibu na Mafia, akaiona meli. Wiki chache baadaye ndege ikamwangusha, akakamatwa. Januari 1915 Waingereza waliitwaa Mafia, wakatengeneza kiwanja pale, na Aprili afisa John Cull akaipiga picha Königsberg ikiwa imejibanza chini ya kingo. Picha ya ndege kwa delta ni zawadi kubwa. Kwa mara ya kwanza mtu aliona umbo la matawi yote kwa pamoja, jambo ambalo mpimaji wa mashua asingelipata kwa mwaka mzima. Lakini maji ya Rufiji yana rangi ya chai ya maziwa. Picha itakuonyesha njia inakwenda wapi. Pima ngapi, haisemi.

Kwa hiyo mwisho wa yote Waingereza walirudi kwenye pondo.

Admirali Herbert King-Hall alimpata Piet Pretorius, mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini aliyeishi miaka mingi upande wa Rufiji na aliyegombana na Wajerumani. Kwa maelezo yake mwenyewe, Pretorius alichukua watu wa visiwani, akaingia nao kwenye mahori kwa mtumbwi usiku, akiulizia vijijini na kuichungulia meli. Halafu akapewa kazi iliyo ngumu zaidi na isiyo na sifa: atafute njia ya kuingizia meli zenye kina kidogo, akipima kwa mti, usiku baada ya usiku, kisha aandike kupwa na kujaa kwa maji kwa kipindi cha mwezi.

Neno la mwisho hilo ndilo muhimu, na waandishi wengi hulipita mbio kwa kuwa halina mlio wa risasi. Mwezi mzima, kwa sababu ukipima siku chache utapata bamvua bila maji mafu, au maji mafu bila bamvua, na tarakimu zako zote hazitakuwa na mahali pa kusimama. Kilichofanyika kwenye mtumbwi ule ni upimaji wa bahari kamili, kwa kanuni zilezile za Owen na Wharton, ila umefanywa kutoka ndani. Alama za kupimia hazikuwa minara. Zilikuwa makutano ya mahori ambayo wapiga kasia waliyajua kwa majina. Pretorius anatajwa hadi leo. Wapiga kasia ni «watu wake».

Chombo cha kutumia njia hiyo kilipatikana kwa njia ya kando. Severn na Mersey zilijengwa Barrow, Uingereza, kwa ajili ya serikali ya Brazil, zikatumike katika mto Amazon. Vita ilipokaribia Uingereza ikazichukua. Zilizama majini chini ya mita 2 tu, na kila moja ilikuwa na mizinga ya inchi 6. Zilivutwa kutoka Malta, zikafika Mafia mwanzoni mwa Juni 1915. Waliamua waingie kwa Kikunja, siyo kwa mlango waliouziba.

Mara ya kwanza ilikuwa alfajiri ya Julai 6. Walipigana kutwa nzima, wakafyatua makombora zaidi ya 600, Mersey ikapigwa vibaya, wakarudi bila kummaliza adui. Mara ya pili ilikuwa Julai 11, na waliingia karibu na adhuhuri. Nimejiuliza kwa nini saa ziwe tofauti kiasi hicho, alfajiri siku moja na adhuhuri siku nyingine, na watu wengi hawalisemi. Rudi kwenye mwezi. Mwezi mpya wa Julai 1915 uliangukia tarehe 12. Ukihesabu kurudi nyuma, Julai 6 maji yalikuwa yamepwa karibu na alfajiri na yakijaa kuelekea saa tano. Julai 11 yalipwa kama saa nne asubuhi, na kufika adhuhuri yalikuwa yanapanda kwa nguvu. Siku zote mbili waliuvuka mlango maji yakijaa. Hiyo ni kanuni ya kwanza ya kuingia mto usioujua vizuri: ingia na maji yanayojaa, ili ukikwama yakunyanyue. Anayeingia na maji yanayopwa, akikwama analala hapo, na pale kulala kulikuwa chini ya mizinga 10.

Siku ile ya pili Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu wakielekeza mapigo hadi ndege yao ikaangushwa mtoni. Wote wawili wakaokolewa. Königsberg iliwaka moto, na Looff akaamuru ilipuliwe. Wajerumani hawakuiacha mizinga yake. Waliiopoa yote 10, ikavutwa na wapagazi hadi nchi kavu, ikapigana vita vya bara. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Watalii hupigia picha juu yake.

Gofu la meli lilibaki kwenye tope kwa miongo, likichumwa vyuma kidogo kidogo, hadi miaka ya 1960 lilipozama lisionekane tena. Mto nao haukukaa. Mafuriko ya miaka ya 1970 yaliyahamisha maji mengi kwenda matawi ya kaskazini, maji matamu yakaingia palipokuwa na chumvi, watu wakakata mikoko wakalima mpunga palipokuwa na mikoko. Ukiichukua leo karatasi ya Pretorius, au ya Möwe, ukaiweka juu ya picha ya setilaiti, majina yatakubaliana na mistari itakataa.

Kuna tarehe moja zaidi. Julai 11, 1915 ilikuwa Shaabani 28, mwaka 1333. Kwa hesabu ya kalenda, Ramadhani iliingia siku mbili baadaye, jioni ambayo moshi wa meli ulikuwa haujaisha juu ya mikoko. Kwenye vijiji vya delta watu walikuwa wanautafuta mwezi, kama kila mwaka, na pamoja nao bamvua.